Vipimo na Mizani katika Sheria za Mwanzo za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Galoni ya Uingereza, ile ambayo wazee wetu walizihesabu nne kwa debe, ni lita 4.546. Wengi hufika kwenye habari hii kupitia tofauti hiyo. Wanashangaa nchi mbili zenye lugha moja na ratli moja ziliachanaje kwenye galoni. Jibu limo ndani ya miaka hamsini na kitu, tangu 1781 hadi 1836, pale taifa jipya lilipojipa mamlaka ya kuweka vipimo kisha likayaacha yakalala kwenye karatasi. Walioyaamsha walikuwa watu wa sarafu, wa ardhi na wa forodha, ambao kazi zao hazikwenda bila vipimo.

Kabla ya uhuru makoloni yalipimia nini?

Yalipimia vipimo vya Uingereza, ila kila koloni kivyake. Walowezi walivuka bahari na ratli, yadi, galoni na busheli za kwao, na kila koloni likatunga sheria zake za kuvilinda. Miji ya New England ilikuwa na ofisa wa kugonga mihuri. Mwenye duka alimpelekea mawe yake ya mizani na vyombo vyake vya kupimia, ofisa akavilinganisha na vile vya mji, kisha akavitia alama. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kuona mizani ikihakikiwa sokoni ataitambua kazi hiyo mara moja. Huko Virginia tumbaku ilikuwa uti wa mgongo wa uchumi na ilitumika hata kama fedha, hivyo sheria ya mwaka 1730 ikaagiza ikaguliwe ghalani kabla ya kusafirishwa.

Shida ni kwamba vipimo vya Uingereza vyenyewe havikuwa kitu kimoja. Galoni ya divai ilikuwa na inchi za ujazo 231, galoni ya bia 282. Nafaka ilikuwa na chombo chake, busheli ya Winchester, yenye inchi za ujazo 2,150.42. Ile iliyoitwa "mia" ya mizigo mizito ilikuwa na ratli 112, lakini wengine waliihesabu 100 kamili. Tena kulikuwa na suala ambalo sisi tunalijua kwa majina yake: mfuto na tele. Busheli iliyofutwa juu kwa ubao si sawa na iliyojazwa mpaka ikafanya kichwa, na baadhi ya bidhaa ziliuzwa kwa mfuto, nyingine kwa tele. Mkulima wetu anayedaiwa rumbesa kwenye gunia anaelewa bila kufafanuliwa nani hunufaika pale sheria isiposema chombo kiishie wapi.

Katiba inasema nini hasa?

Inasema kidogo sana. Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika 1781, ulikuwa umeshalipa Bunge haki ya kuweka viwango vya vipimo nchini kote. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 ikairudia haki hiyo katika Ibara ya 1, Sehemu ya 8, ndani ya sentensi ileile inayolipa Bunge haki ya kutengeneza fedha. Naona walifanya vyema kuviweka pamoja, kwa sababu sarafu nayo ni uzito wa madini uliotiwa muhuri.

Kuna kifungu kingine katika sehemu hiyohiyo ambacho watu hukisahau, nacho ndicho kilichokuja kuleta mabadiliko: ushuru wa forodha lazima uwe sawa katika nchi nzima. Kama ushuru unatozwa kwa ratli au kwa galoni, na ratli ya Boston si ratli ya Charleston, basi ushuru si sawa, hata kama kiwango kilichoandikwa kwenye sheria ni kimoja.

Rais Washington alilichukuliaje jambo hili?

Kwa uzito. Alilitaja kwenye hotuba yake ya kwanza ya mwaka mbele ya Bunge, tarehe 8 Januari 1790, akalirudia Desemba mwaka huohuo, na tena Oktoba 1791. Mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya upimaji ardhi ujanani, kwa hiyo alijua mnyororo wa kupimia ukilegea pingili moja hasara yake huangukia wapi.

Mpango wa Thomas Jefferson ulikuwaje?

Baraza la Wawakilishi liliagiza taarifa kutoka kwa Waziri wa Mambo ya Nje, na kazi ikamwangukia Jefferson. Aliiandika New York, mji mkuu wa wakati ule, huku akiandamwa na maumivu makali ya kichwa. Taarifa ina tarehe ya 4 Julai 1790.

Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu kipimo mama, yaani kile ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho. Kipande cha chuma chaweza kuibwa, kuungua au kulika. Jefferson alitaka kitu ambacho mtu yeyote, popote, angeweza kukitengeneza upya bila kuomba ruhusa ya mfalme wala kufungua kabati la serikali. Akaegemea mzunguko wa dunia, ambao hutupa siku, na siku hutupa sekunde. Chukua ufito wa chuma wa mviringo, wenye unene uleule juu hadi chini, uutundike kwa ncha yake ya juu uyumbe kama pendulamu, kile kinachoning'inia ndani ya saa ya ukutani. Ili uende upande mmoja kwa sekunde moja kamili, lazima uwe na urefu fulani, si zaidi wala si pungufu. Kwenye latitudo ya digrii 45, usawa wa bahari, Jefferson alihesabu urefu huo kuwa inchi 58.72368. Wazo la kutumia ufito, badala ya tufe lililofungwa kwenye uzi, alilipata kwa Robert Leslie, fundi saa wa Philadelphia, na alimtaja ndani ya taarifa yenyewe.

Mwanzoni Jefferson alikuwa ameandika digrii 38, latitudo inayopita katikati ya Marekani ya siku zile. Kisha akasoma pendekezo ambalo Talleyrand, mjumbe wa Bunge la Ufaransa, alikuwa amelipeleka kwenye Bunge hilo, lenye digrii 45. Akaifuta 38 ili mataifa mawili yawe na kipimo mama kimoja.

Baada ya hapo aliliwekea Bunge njia mbili. Ya kwanza iliacha vipimo vya kawaida vilivyo, ila vifungwe kwenye ufito ule ili visihame tena, na galoni zile nyingi zifanywe moja. Ya pili ilivunja yote na kujenga upya kwa makumi: futi iwe sehemu ya tano ya ufito, inchi kumi kwa futi, futi elfu kumi kwa maili. Busheli iwe futi moja ya ujazo, na wakia iwe uzito wa inchi moja ya ujazo ya maji ya mvua.

Ninauheshimu sana mpango wa pili, lakini una kasoro moja kubwa: Jefferson aliacha majina ya zamani. Futi yake mpya ingekuwa fupi kwa robo inchi hivi kuliko ya kawaida, na maili yake ingekaribia mara mbili ya maili waliyoizoea. Mtu akisema "maili tatu" angelazimika kuulizwa zipi. Wafaransa, miaka michache baadaye, walitunga majina mapya kabisa, na hilo peke yake liliwaepusha na mkanganyiko mwingi.

Mbona Bunge halikuupitisha?

Kamati ya Seneti ilijibu mapema mwaka 1791 kwamba si wakati wa kubadili, kwa kuwa Ufaransa na Uingereza nazo zilikuwa zikitafakari vipimo vyao, basi ni afadhali kusubiri. Mwaka 1792 kamati nyingine ya Seneti iliukubali mpango wa makumi, lakini haukugeuka sheria. Wafaransa nao walishaacha pendulamu mwaka 1791 na kuhamia kwenye mita, kipimo kilichotokana na umbo la dunia, ambacho upimaji wake ulifanyika kati ya Dunkirk na Barcelona. Ndoto ya Jefferson ya kipimo cha mataifa mawili ikavunjika hapo. Mwaka 1796 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufanya majaribio ya vipimo. Seneti ikauahirisha, nao haukurudi.

Hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa na madeni ya vita, mipaka isiyotulia, na wananchi waliokwisha kuzoea busheli zao. Kumwambia mkulima kwamba chombo alichorithi kwa baba yake ni batili kunahitaji ujasiri mkubwa wa kisiasa, na hakuna aliyekuwa tayari kuutumia kwenye jambo la busheli.

Ni kweli vipimo vya Ufaransa vilipotelea mikononi mwa maharamia?

Ni kweli, na ni habari ya kusikitisha. Mwaka 1794 Ufaransa ilimtuma Joseph Dombey, mtaalamu wa mimea, aende Marekani na mita moja ya shaba na uzito wa mfano ambao baadaye uliitwa kilogramu. Dhoruba ilikisukuma chombo chake hadi Karibiani. Huko akatekwa na manowari za watu binafsi zilizokuwa zikiwinda meli kwa idhini ya adui, akapelekwa kifungoni kisiwani Montserrat, akafia hapo. Shehena iliuzwa. Jiwe lile la shaba hatimaye lilifika Marekani, likakaa miaka mingi katika ukoo wa mpima ardhi Andrew Ellicott, na sasa liko kwenye hifadhi ya taasisi ya viwango ya taifa hilo.

Wengine husema Dombey angefika salama Marekani ingetumia mita leo. Sikubaliani nao. Bunge lilikuwa na taarifa kamili ya Jefferson mezani na bado halikuamua. Kipande cha shaba kisingeliamulia.

Kwa hiyo hapakuwa na sheria yoyote ya vipimo miaka hiyo?

Zilikuwapo, ila zilijificha ndani ya sheria za mambo mengine.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Mei 1785 iliagiza ardhi ya magharibi igawanywe katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba uwe na viwanja 36 vya ekari 640. Chombo cha kazi kilikuwa mnyororo wa Gunter, wenye futi 66 na pingili 100. Minyororo 80 hufanya maili moja, na minyororo kumi ya mraba hufanya ekari moja, kwa hiyo mpimaji alipata ekari kwa kusogeza desimali tu. Sheria ya 1796 ikaongeza sharti: mistari ipimwe kwa minyororo ya nusu ya urefu huo, yenye pingili 25, nayo irekebishwe kwa kulinganishwa na kipimo mama kitakachotunzwa kwa kazi hiyo. Mashamba, barabara na mipaka ya sehemu kubwa ya nchi ile yalichorwa kwa futi hiyo. Ukiruka kwa ndege juu ya Ohio au Iowa unaiona sheria hiyo kwa macho.

Sheria ya sarafu ya tarehe 2 Aprili 1792 iliiagiza dola iwe na greni 371.25 za fedha safi. Greni ni uzito mdogo ambao jina lake limetokana na punje ya nafaka. Lakini hakuna sheria iliyosema greni yenyewe ni kiasi gani.

Sheria ya forodha ya tarehe 2 Machi 1799 iliwataka wakaguzi wa bandari wahakiki mizani na vyombo vya kupimia, hasa Jumatatu ya kwanza ya Januari na ya Julai, kwa kuvilinganisha na vipimo mama vitakavyotolewa kwa gharama ya serikali. Ni sheria nzuri kwa kila neno, ila vipimo mama vyenyewe havikuwapo. Kila bandari ikaendelea na ilivyokuwa navyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

John Quincy Adams aliingiaje?

Mwaka 1817 Seneti ilimwagiza Waziri wa Mambo ya Nje achunguze suala zima, na kazi ikamwangukia Adams aliposhika wadhifa huo. Alikabidhi taarifa yake tarehe 22 Februari 1821, akiwa ameamka alfajiri miezi kadhaa kuiandika. Alikusanya sheria za majimbo, akafuatilia historia ya vipimo kutoka zama za kale, na akaisifu mita ya Wafaransa kwa maneno ya moyoni. Aliona vipimo ni katika mahitaji ya maisha ya kila binadamu, vinaingia kwenye kila nyumba na kila kazi. Kisha akashauri Marekani isibadili kitu kwa sasa: iweke kwanza viwango vya kile kilichopo, na ishauriane na mataifa mengine kuhusu kipimo cha wote.

Wapo wanaomlaumu kwa kusita. Mimi naona alipima vizuri nguvu ya sheria. Alijua mtu haachi kipimo alichofundishwa na mama yake jikoni kwa sababu Bunge limepiga kura.

Kipimo cha kwanza kuwekwa na Bunge ni kipi?

Ratli ya troi, ile ya madini ya thamani. Mwaka 1827 Albert Gallatin, balozi wa Marekani London, alipata nakala ya shaba ya ratli rasmi ya Uingereza, iliyolinganishwa kwa makini na Kapteni Henry Kater. Sheria ya tarehe 19 Mei 1828 ikaitangaza kuwa kipimo mama cha kiwanda cha sarafu Philadelphia. Wakati huo rais alikuwa Adams yuleyule. Miaka sita baadaye, Oktoba 1834, moto uliunguza majengo ya Bunge la Uingereza na vipimo mama vyake vikaharibika. Nakala ya Philadelphia ilibaki salama.

Hassler ni nani, na kwa nini jina lake linatajwa sana?

Kwa sababu yeye ndiye aliyefanya kazi yenyewe. Ferdinand Rudolph Hassler alizaliwa Aarau, Uswisi, mwaka 1770, akafika Marekani 1805 na vitabu vyake, vyombo vyake, na mita ya chuma iliyotengenezwa Paris mwaka 1799. Alipewa kazi ya kupima pwani yote ya Marekani. Akaenda London kutengenezesha vyombo, vita ya 1812 ikamkuta hukohuko, na aliporudi 1815 alikuwa na fito ya shaba ya inchi 82 iliyotengenezwa na Troughton, fundi wa vyombo wa London. Mwaka 1818 Bunge lilibadili sheria na yeye, kwa kuwa hakuwa mwanajeshi, akapoteza kazi.

Tarehe 29 Mei 1830 Seneti iliagiza Wizara ya Fedha ilinganishe vipimo vya forodha kuu zote. Kazi ikapewa Hassler. Akakuta bandari kwa bandari hazilingani, na tofauti nyingine zilikuwa kubwa. Wastani wake haukuwa mbali na vipimo vya Kiingereza, lakini mfanyabiashara halipi ushuru kwa wastani. Analipa kwa mizani iliyo mbele yake.

Hapo Wizara ya Fedha haikusubiri sheria mpya. Kwa mapendekezo ya Hassler ikachagua vipimo vyake. Yadi ikawa inchi 36 zilizoko kati ya alama ya 27 na ya 63 kwenye fito ya Troughton. Ratli ya kawaida ikawa greni 7,000, ikitolewa kwenye ratli ya troi ya Philadelphia yenye greni 5,760. Galoni ikawa inchi za ujazo 231, na busheli 2,150.42. Mafundi wakaanza kutengeneza seti za forodha, wakiongozwa na mzee ambaye hakuvumilia kosa hata la unywele.

Na ile tofauti ya galoni?

Ndiyo hiyo. Galoni ya inchi za ujazo 231 ni galoni ya divai ya enzi za Malkia Anne, ya sheria ya 1707. Uingereza iliiacha kwa sheria ya 1824, ikaweka galoni mpya ya ratli kumi za maji. Marekani ilikuwa imeshajitenga, na wafanyabiashara wake walikuwa wakitumia ya zamani, hivyo Hassler akachukua iliyokuwa sokoni. Waingereza ndio walioihama galoni. Wamarekani walibaki nayo.

Azimio la 1836 liliagiza nini?

Tarehe 14 Juni 1836 Bunge lilimwagiza Waziri wa Fedha apeleke kwa gavana wa kila jimbo seti kamili ya vipimo vilivyokubaliwa kwa forodha. Basi. Halikumlazimisha raia kuvitumia. Majimbo ndiyo yaliyotunga sheria zao za kuvipokea, moja baada ya jingine, na kazi ya kuhakiki mizani za sokoni imebaki mikononi mwao hadi leo. Hassler alifariki 1843, na warithi wake wakaendelea kusambaza seti.

Mambo haya yaliwahi kufika pwani yetu?

Yalifika kwa njia ya kitambaa. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli za Salem zilileta marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa kilitoka kiwandani kikihesabiwa kwa yadi. Bara kikauzwa kwa mikono, shuka na doti: mikono minne kwa shuka, shuka mbili kwa doti. Pembe zilipimwa kwa frasila, ratli 35 hivi. Karani wa Salem alifanya hesabu za pande zote mbili katika daftari moja, miaka ileile Hassler alipokuwa Washington akihangaika na ratli.

Mwisho wake mita ilishinda au haikushinda?

Sheria ya tarehe 28 Julai 1866 iliruhusu mita na kilo bila kumlazimisha mtu. Mwaka 1893 Wizara ya Fedha iliamua, tena kwa agizo la ofisi na si kwa sheria mpya, kwamba yadi na ratli zitatafsiriwa kwa mita na kilo: yadi ikawa 3600/3937 ya mita. Mwaka 1959 yadi ikawekwa mita 0.9144 kamili, pungufu kidogo mno. Wapima ardhi wakaendelea na futi ya zamani, kwa sababu mipaka iliyotokana na sheria ya 1785 ilikuwa imeandikwa kwayo katika hati zisizohesabika. Futi hiyo ya wapima ardhi iliachwa rasmi mwisho wa mwaka 2022.